Kliniki ya homa ya ini C: wanauliza mengi, na hiyo ndiyo sifa yao

Dawa nimemaliza na majibu ya mwisho ninayo, kwa hiyo naweza kuisema kliniki hii bila kuionea wala kuipamba.

Dawa yenyewe haina hadithi ndefu. Ni sofosbuvir na velpatasvir ndani ya kidonge kimoja, unameza kimoja kwa siku kwa wiki 12. Kichwa kiliniuma kidogo mwanzoni, basi. Zaidi ya watu 95 kati ya 100 wanaomaliza dawa za aina hii hupona, popote walipotibiwa. Tofauti iko kwenye maswali kabla hujapewa.

Unakunywa? "Kidogo" haikumtosha nesi, alitaka idadi ya chupa. Sigara je? Umewahi kujidunga? Mlichangia sindano tu, au na kijiko, maji na pamba? Wembe unaonyolea, kuna mwingine anautumia? Nilijidunga enzi za ujana, na nimezoea kuona watu wakikunja uso nikitaja hilo. Huyu aliandika, akasonga mbele. Wala hakuninyima dawa kwa kuwa bado nakunywa. Alinieleza tu kwamba pombe juu ya virusi huongeza kasi ya makovu kwenye ini.

Sikutarajia habari ya sukari. Nina kisukari, na kumbe virusi hivi hufanya insulini ishindwe kufanya kazi yake sawasawa. Vikianza kuisha, sukari inaweza kushuka mno ukiendelea na dozi ileile. Nikaambiwa nipime mara nyingi zaidi, na kweli insulini yangu ilibidi ipunguzwe. Dawa ya kiungulia wakaisimamisha, maana asidi ya tumbo ikipungua velpatasvir haiingii mwilini vizuri. Wakanipima na homa ya ini B, kwani iliyojificha huweza kuamka wakati C inatibiwa. Waliuliza hadi usingizi wangu na kama nina huzuni isiyoisha. (Ninayo. Nilipangiwa mshauri, naye ni mzuri.)

Sasa lawama. Kwenye dirisha la dawa jina la ugonjwa linatajwa kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Aliyekuja kwa kujificha atarudi kweli? Na maabara walimkabidhi mgonjwa mwenzangu, aliyekwisha kupona, karatasi ya kingamwili iliyoandikwa "chanya" bila neno la ziada. Alilia pale koridoni. Kingamwili hubaki kwenye damu hata virusi vikiisha. Kinachothibitisha kupona ni kipimo cha virusi vyenyewe, wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho. Mtu hapaswi kuelezwa hilo na mgonjwa mwenzake kwenye benchi.

Nawapa nyota nne. Ukienda, beba dawa zako zote unazotumia, za mitishamba pia, na uliza mapema kuhusu sindano mpya kama bado unajidunga: wanatoa bure, ila hawajabandika tangazo popote, na ukishapona unaweza kuambukizwa tena.