Andakoti Mbeya: kazi nne zinazouzwa kwa jina moja

Simamisha gari kwenye gereji yoyote kati ya Mafiati na Uyole, omba andakoti, yaani kinga ya kutu inayopakwa uvunguni mwa gari, na jibu litakuwa "tunapiga, bosi". Ugumu unaanza hapo, kwa sababu kila fundi ana maana yake. Yupo anayeyeyusha lami kwa petroli na kuipaka kwa brashi. Yupo mwenye kopo la lami ya mpira na bunduki ya kupulizia. Yupo anayenyunyiza oili chafu. Na wapo wachache wanaopuliza nta au mafuta mazito ndani ya mifereji ya bodi, yaani nafasi zilizofungwa katikati ya bati na bati. Tathmini hii ni kwa ajili ya mtu aliyehamia Nyanda za Juu Kusini, anayetaka kununua gari lililotumika Japani na kulikinga kabla mvua za Novemba hazijaanza.

Tuanze na gari lenyewe, maana andakoti bora kuliko zote haiwezi kufufua bati lililokwisha kuoza.

Mbeya haina upepo wa bahari, kwa hiyo gari safi hukaa hapa bila kutu kwa muda mrefu kuliko Dar es Salaam. Shida ni pale gari linapokuja na chumvi yake. Hokkaido, Tohoku na mikoa ya pwani yenye theluji kama Niigata, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu isishike. Chumvi hiyo ikiingia kwenye maungio ya bati haitoki kwa kuoshwa juu juu. Aina mojawapo, kloridi ya kalsiamu, hunyonya unyevu hewani yenyewe, ndiyo maana bati linaweza kuendelea kuliwa hata gari likiwa limeegeshwa ndani, bila tone la mvua.

Kwa gari la kuagiza, dai karatasi ya mnada, yaani ripoti ya mkaguzi wa mnada wa Japani kuhusu hali ya gari, kabla ya kulipa. Usiishie kwenye alama ya jumla ya 4 au 3.5. Tazama mchoro wa gari: herufi S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, na namba inayofuata ikipanda, hali ni mbaya zaidi. Mchoro huo unaonyesha zaidi bodi ya nje. Kutu ya uvungu huandikwa kwa maneno ya Kijapani kwenye maelezo ya mkaguzi, kwa hiyo mwombe wakala akutafsirie sehemu hiyo neno kwa neno, na akutumie picha za uvungu. Mji wa mnada nao si ushahidi, kwani gari la Hokkaido linaweza kuuzwa Nagoya.

Kwa gari lililopo yadi, vaa nguo za kazi, chukua tochi, sumaku ndogo na bisibisi bapa, kisha ingia chini. Kagua shimo la spea tairi chini ya kapeti ya buti, mahali shokapu za nyuma zinapofungwa, krosimemba (chuma cha kukingama) inayoshika lowa ami (mkono wa chini wa tairi), na breki paipu zinazopita juu ya tangi la mafuta. Kwenye Subaru Forester, pitisha vidole kwenye ukingo wa ndani wa madigadi ya nyuma, kwa maana kutu hupenda kuanzia hapo. Kwenye Prado na Hilux gonga chasisi kuanzia usawa wa tairi za nyuma kurudi nyuma, ukitumia mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia kwa mlio mkali unaokwenda mbali. Kilichooza kinatoa mlio mfupi uliokufa, na mara nyingi vigamba vya kahawia vinakudondokea usoni. Sumaku isiposhika kwenye bati la bodi, huenda chini ya rangi kuna puti, ile dawa ya kujazia mabonde ya bati.

Ukikuta uvungu wote mweusi, unang'aa na bado unanukia lami, shusha bei au ondoka. Muuzaji hana haraka ya kupaka lami mpya kwenye bati zuri.

Angalia pia namba ya chasisi. Kwenye Hilux imegongwa kwenye chuma cha chasisi chenyewe, upande wa kulia mbele. Ikiwa imeliwa na kutu hadi haisomeki, uhamisho wa umiliki TRA utakusumbua hata kama kadi ni halali.

Sasa huduma zenyewe.

Lami ya kuyeyusha kwa petroli ndiyo ya bei ya chini, na hatuipendekezi kwa gari lolote. Ikikauka inakuwa ngumu kama kaukau. Kokoto za barabara za vumbi zinaipasua, maji yanaingia nyuma yake na hayana pa kutokea. Kwa nje unaona uvungu mweusi mzuri, kwa ndani bati linaliwa taratibu. Ukiweza kuingiza ncha ya bisibisi chini ya lami na ikabanduka kipande kizima kama ganda la yai, huku nyuma yake kukiwa na rangi ya chungwa, kazi hiyo inabidi ikwanguliwe yote.

Lami ya mpira ya kopo ni bora zaidi kwa sababu inanepa. Nguvu yake ni kuzuia kokoto, hasa ndani ya madigadi na chini ya mlango. Inafaa kwa bati safi lenye rangi yake. Juu ya kutu inageuka blanketi tu. Gari la ukubwa wa IST au Vitz linahitaji lita 4 hadi 5 kwa mikono miwili myembamba, yaani kupakwa mara mbili. Fundi akitumia lita 2 kwa gari zima, amepaka yanapoonekana tu.

Oili chafu inasaidia kidogo na inadumu kwa muda mfupi. Mvua chache zinaiondoa, inachafua sakafu na udongo, na inakula mipira ya bushi na ya stabilaiza. Baadhi ya madereva wa malori wanaitumia kwenye chasisi nene za chuma. Kwa gari dogo lenye bushi nyingi, hasara ni kubwa kuliko faida.

Nta na mafuta mazito, yakiwemo ya lanolini yanayotokana na sufu ya kondoo, ndiyo tunayoyapa alama ya juu kwa gari lililotumika. Hayakauki kabisa. Yanapenya kwenye maungio, yanasukuma maji na kufunga hewa isifike kwenye chuma. Kutu ndogo iliyopo inapunguza mwendo kwa kukosa maji na hewa. Kasoro yake ni kwamba yanaoshwa na tope: uvungu wa gari la Tukuyu au Kyela, ambako mvua ni nyingi, unahitaji kurudiwa kila mwaka. Gari la mjini Mbeya au Iringa linaweza kwenda miaka miwili. Pia yananata vumbi, na hilo halina madhara.

Mpango unaotupendeza ni kuchanganya: mafuta mazito ndani ya mifereji na kwenye maungio yote, lami ya mpira kwenye madigadi pekee, tena baada ya bati kusafishwa.

Usafishaji ndio kazi yenyewe, na ndio fundi wengi wanaouruka. Gari linyanyuliwe, tairi nne zitolewe, plastiki za ndani ya madigadi zifunguliwe. Nyuma ya plastiki hizo, upande wa mlango wa mbele, utakuta bonge la tope jekundu lililoshindiliwa. Likivunjwa hata baada ya siku kadhaa za jua, katikati bado lina unyevu. Hapo ndipo kutu ya Mbeya inapozaliwa. Osha kwa mashine ya presha na maji mengi matupu. Kwa gari lenye historia ya theluji rudia mara mbili au tatu siku tofauti, kwani chumvi huyeyuka polepole. Zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango na kwenye mfereji wa bati chini yake. Kisha liache gari likauke saa 24 kwa uchache, na Juni au Julai, baridi inapobana, lipe saa 48. Mafuta yakipulizwa juu ya unyevu yanaufungia ndani.

Kutu iliyolegea itolewe kwa brashi ya waya na msasa mpaka vigamba viishe. Sehemu zinazobaki na madoa zipakwe dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya taniki au fosforiki, isubiriwe ikauke kama kopo linavyoelekeza, kisha praima. Bati lililotoboka likatwe na kuchomelewa jipya. Puti na nyuzi za fibaglasi kwenye sehemu inayobeba uzito ni hatari, na fundi anayekuambia "itashika tu" kwenye kishikio cha shokapu muage kwa heshima.

Kabla ya kupuliza, vitu hivi vifunikwe kabisa, si nusu nusu: diski na kaliba za breki, sensa za ABS, egzosi yote, buti za draivu shafti, bushi, propela shafti na plagi za umeme. Egzosi yenye lami inafuka moshi na kunuka ndani ya gari wiki nzima. Propela shafti iliyopakwa upande mmoja inapoteza uwiano na gari linatetema kwenye mwendo. Baada ya kazi, pitisha waya mwembamba kwenye kila tundu la kutolea maji, maana lami hupenda kuyaziba, na mlango uliozibwa unageuka tangi.

Wenye pikapu za kubebea mbolea wana neno lao la ziada. Mbolea za SA, CAN na urea zinazomwagika bodini hunyonya unyevu na kula bati. Fagia ikiwa kavu kwanza, ndipo uoshe. Ukianza na maji unaipeleka kwenye maungio.

Kuhusu bima, tutasema kwa ufupi. Kutu haimo. Bima kubwa inalipa ajali, moto na wizi, na uchakavu pamoja na kutu huwa miongoni mwa vitu vilivyotengwa. Bima ndogo ya gari binafsi inalipa madhara uliyomsababishia mtu mwingine, si gari lako. Ukichukua kubwa, andika thamani ya kweli. Gari la milioni 16 likiandikwa milioni 12 ili malipo yapungue, hasara ya milioni 4 inaweza kulipwa milioni 3, tena kabla ya kukatwa kiasi unachobeba mwenyewe. Ukishalipa, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, uone kama stika imesajiliwa. Wanaovuka Tunduma kwenda Zambia au Kasumulu kwenda Malawi waombe kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari ya kuvuka mipaka, kabla ya safari, maana stika ya nyumbani inaishia mpakani.

Wakati mzuri wa andakoti ni Agosti hadi Oktoba, ardhi ikiwa kavu. Kubaliana na fundi kwa maandishi: kutoa tairi, kufungua plastiki, kukausha siku moja, lita ngapi, na picha za uvungu kabla hajapuliza. Mvua ya kwanza kubwa ikipita, fungua milango yote na usikilize. Ukisikia maji yanacheza ndani ya mlango, rudi gereji siku hiyohiyo wakazibue matundu.