Uzoefu wangu katika msitu wa Pugu-Kazimzumbwi

Kwa mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kutembea chini ya miti ya asili na kurudi nyumbani siku hiyohiyo, sijaona mahali panapoushinda msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, ulioko upande wa Kisarawe. Nilipanda daladala hadi Gongo la Mboto, nikaunganisha na la Kisarawe. Kiingilio nikalipia kwa simu kwa kumbukumbu namba, nikapewa mwongozaji, tukaingia msituni jua likiwa bado halijawa kali.

Usikubali kuingia bila mwongozaji. Huu si msitu wa kutazamia tembo na twiga kama Mikumi. Wanyama wake ni wadogo, wana woga, na wengi wao husikika kabla ya kuonekana. Mwongozaji wangu alisimama ghafla, akanionyesha majani makavu yaliyokuwa yakichakarisha, nasi tukatulia mpaka akajitokeza sange mwenye mabega ya rangi ya kutu na kiuno cheusi, pua yake ndefu ikichezacheza huku akipekua wadudu. Nilimtazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumtazama simba yeyote. Komba wa Rondo hatukumwona, kwa kuwa hutoka usiku, lakini inafaa kila mgeni ajue kwamba mnyama huyu mwenye uzito wa takriban gramu 60 anapatikana katika misitu michache tu ya Tanzania, na mmojawapo ni huu.

Msituni humo kuna pia mapango yaliyochimbwa zamani ili kutoa kaolini, udongo mweupe unaotumika kutengenezea vyombo vya kauri. Ukigusa ukuta, unga wake hubaki mkononi, na ukiinua tochi utaona popo wamening'inia darini, wengi ajabu. Magharibi ndipo hutoka kwenda kutafuta chakula, kwa hiyo anayetaka kuwaona wakiruka apange kuchelewa.

Bwawa lililomo msituni ni zuri kwa mapumziko, ila kundi moja la wageni lilikuja na spika kubwa, na ndege wote wakahama upande ule. Naomba muziki upigwe marufuku humo moja kwa moja.

Pembezoni tulipita mahali palipokuwa na tanuri la mkaa: udongo bado mweusi, lakini visiki vimeanza kuchipua. Msitu huu umeliwa miaka mingi na majiko yetu sisi watu wa mjini, na kwangu mimi kupandishwa kwake hadhi mwaka 2020 kuwa hifadhi ya mazingira asilia ni uamuzi uliostahili kufanywa mapema zaidi.

Wenye watoto wadogo waishie bwawani, kwani njia ya mapangoni ina mteremko unaoteleza sana baada ya mvua. Wengine wote wavae viatu vya kufunika mguu, wabebe tochi na maji ya kutosha, na wauepuke mwezi wa Aprili.