DaVinci Resolve kwa kuhariri kichupa chenye kisa

Toleo la bure la DaVinci Resolve, programu ya Blackmagic Design, linatosha kuhariri kichupa, yaani video ya wimbo, kizima na kutoa faili la hadi 3840 kwa 2160. Ubora wake mkubwa kwa wimbo unaosimulia uko kwenye alama. Weka wimbo kwenye taimlaini, ule mstari wa muda unapopanga klipu, funga njia hiyo ya sauti isisogee, kisha sikiliza bila picha yoyote huku ukibonyeza M kila mstari unapoanza. Ukibonyeza M tena ukiwa juu ya alama, kidirisha hufunguka: andika maneno ya mstari, chagua rangi moja ya beti, nyingine ya kiitikio, ya tatu pale kisa kinapogeuka.

Hapo ndipo unapoacha kukata picha kwa kila mdundo wa ngoma, kosa linaloua vichupa vingi. Kiitikio hurudi na maneno yaleyale, kwa hiyo picha ndiyo inayopaswa kusonga: mlango ni uleule, lakini safari hii anayesubiriwa keshaingia. Na mwimbaji akitaja mvua, si lazima tuione, mwonyeshe aliyelowa.

Kulinganisha midomo na sauti ni kazi ya dakika chache. Chagua klipu zote pamoja na wimbo, unda klipu ya kamera nyingi, agiza zilinganishwe kwa sauti. Sharti kamera iwe imerekodi sauti ya spika wakati wa kupiga. Hapa umbali una uzito: sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo kwa fremu (picha moja moja za video) 25 kwa sekunde, spika ikiwa jirani na mwimbaji na kamera ikiwa mita 14 mbali, midomo itatangulia sauti kwa fremu moja. Sogeza klipu kwa mkono.

Ulinganishaji huo haufai kwa mwendo wa taratibu. Hapo wimbo huchezwa kwa kasi maradufu wakati wa kupiga, kamera ikipiga fremu 50 kwa sekunde, kisha kwenye sifa za klipu unaandika 25. Midomo inarudi kwenye kasi ya wimbo na mwili unaelea. Kwa kuwa sauti ya kamera haifanani tena na wimbo, panga kwa kibao kinachogongwa mbele ya kamera mwanzoni mwa kupiga au kwa herufi zinazofumba midomo, kama p, b na m.

Amua idadi ya fremu za taimlaini kabla ya kuingiza klipu, maana baadaye haibadiliki. Klipu za simu mara nyingi zina fremu zisizo na kasi moja, na midomo huachana na sauti polepole hadi mwisho; zipitishe kwanza HandBrake, programu ya kubadili faili za video, ukichagua kasi isiyobadilika. Kwenye Linux, toleo la bure la Resolve halifungui video za H.264, mfumo wa kubana video.

Zana ya kusafisha chembechembe za picha za gizani iko kwenye toleo la kulipia la Studio tu, kwa hiyo kisa cha usiku kiongezee taa wakati wa kupiga.