Fundi umeme wa magari, Unga Limited: tatizo halikuwa betri

Gari langu lilikataa kuwaka siku mbili tu baada ya kufungwa betri mpya, na fundi wa kwanza alinishauri ninunue stata nyingine, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, kabla hata ya kuipima iliyokuwepo. Lilivutwa hadi gereji ndogo iliyopo Unga Limited, Arusha, ambako kijana aliyenipokea hakukimbilia spana, bali alichukua mita, akapima betri na kukuta volti 12.6, yaani imejaa. Kisha aliniomba nipige stata, huku ameshika ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye bloku ya injini. Mita ikasoma zaidi ya volti 2, ilhali kama waya wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye betri, ni mzima, haipaswi kufika hata volti 1; umeme ulikuwa unapotea njiani. Waya huo ulikuwa umeliwa na kutu chini ya boliti inayoufunga kwenye bodi, mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi. Aliupiga msasa hadi chuma kikang'aa, akakaza, na gari likawaka papo hapo. Nilifurahi zaidi kwamba alinionyesha kila kipimo kabla ya kutaja bei. Wateja, hata hivyo, wanahitaji kivuli cha kusubiria.