Core i5-2500K kwenye gigahezi 4.5: milivolti chache, ugomvi mkubwa

Habari zenu wadau. Leo mezani nina prosesa mkongwe, Intel Core i5-2500K ya Januari 2011. Kiwandani imetoka na gigahezi 3.3, yenyewe hujipandisha hadi 3.7, na ile K ndiyo ruhusa ya kuongeza kizidishi, yaani namba inayozidishwa na saa ya msingi ya megahezi 100 kupata kasi. Weka 45 kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio ya bodi mama, unapata gigahezi 4.5. Kuiwasha hapo si kazi. Kazi ni volti.

Kwa kasi hiyo, mzunguko mmoja wa saa ni kama nanosekunde 0.22. Ndani ya muda huo transista ziwe zimeshageuka na jibu limeshafika. Volti ikipungua kidogo zinachelewa, na jibu likichelewa prosesa haisubiri: inabeba namba mbovu na kuendelea. Ndiyo maana milivolti 20 tu zinaweza kutenganisha mashine inayokesha ikirenda video na ile inayokutupia skrini ya bluu. Ukiona humo kodi ya kosa 0x124, anza kushuku volti ya prosesa.

Halafu msiiamini sana namba ya BIOS. Umeandika volti 1.30, sawa, lakini Prime95, programu ya kujaribu uthabiti, ikianza kuikamua prosesa, volti inashuka. Piga hesabu: ampea 80 zikipita kwenye ukinzani wa miliomu 1, milivolti 80 zimeshaliwa! Load-Line Calibration, mpangilio wa kwenye BIOS, ipo kufidia hilo. Mimi naiweka katikati. Ukiikaza hadi mwisho, mzigo ukiachia ghafla volti inaruka juu kuliko ulivyopanga, na mruko wenyewe ni wa haraka mno, programu ya kusoma volti kama CPU-Z haiuoni.

Najua kuna mtu anasema, "Basi naipa 1.40 nilale." Umeme unaoliwa hufuata kipeo cha pili cha volti, bwana. Toka 1.25 hadi 1.40, kasi ileile, ni karibu asilimia 25 zaidi, na wote huo unageuka joto. Joto nalo linazifanya transista kuwa nzito, unajikuta unadai volti nyingine tena. Panda milivolti 10, jaribu, chungulia Event Viewer, daftari la matukio la Windows. Makosa ya WHEA, yaani ya maunzi, yakiwepo, haijatulia hiyo, hata kama gemu halijakwama.

Ununue leo? Kwa kazi, hapana: kore 4 bila Hyper-Threading (kila kore kubeba kazi mbili kwa pamoja), na Windows 11 haiitambui rasmi. Kwa kujifunza volti, chukua, ila na bodi mama yenye chipseti ya P67, Z68 au Z77. Zile Dell OptiPlex za mtumba, hata ukichomeka K, BIOS yake haina pa kugusa kizidishi.