Boti ya faiba au ya alumini? Nimekaa na zote mbili, haya ndo yaliyonikuta

Mimi ni mtoto wa Mwanza, nimekulia Igombe, mzee alikuwa na mtumbwi wa mbao kwa hiyo watu wa huku wakisikia wanadhani mambo ya boti nlizaliwa nayo. Wapi. Mtumbwi wa mzee ulikuwa na ugonjwa mmoja, kuvuja, na dawa yake ilikuwa moja, mtoto wa kukomba maji na kopo la rangi, na huyo mtoto nlikuwa mimi. Boti za kuvulia besi za huku Texas ni dunia nyingine, na hela nlizopoteza kujifunza hilo zinauma mpaka leo, ndo maana naandika.

Besi kwanza, sio ile ya spika. Ni samaki wa maji yasiyo na chumvi, mdomo mkubwa, mbishi kwenye ndoano, na Wamarekani wanamuabudu. Hapa Dallas nafanya kazi na jamaa mmoja wa Naivasha, yeye huyo samaki anamjua toka utotoni maana walipandikizwa kule ziwani kwao wakitolewa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, yaani mwenzangu alikuja huku akakutana na jirani yake. Mimi wa sangara nlikuwa nacheka. Rekodi ya jimbo zima la Texas ni paundi 18.18, alivuliwa Lake Fork Januari 1992 na mpaka leo hajapatikana wa kumzidi, sasa hizo ni kama kilo 8, kwetu hiyo unaipeleka nyumbani mboga na hakuna anayekuuliza umeitoa wapi. Ila ukishamshika mmoja wa paundi 6 kwa fimbo nyembamba, basi, umekwisha, utaanza kuangalia boti usiku wakati mke kalala.

Nilianza na faiba. Niseme ukweli ilikuwa tamaa tu. Boti ya faiba ya besi ukiiona inang'aa, imepakwa rangi za chengachenga kama kucha za bi harusi, iko chini chini, nyuma mashine kubwa, unaona kabisa hii ndo ya wanaume. 2021 bei zilikuwa zimepanda mno, kila mtu baada ya korona anataka boti, nikampata mzee mmoja anauza yake ya mwaka 2002, futi 18, mashine ya hospawa (nguvu za farasi) 150 ile ya zamani inayokunywa oili pamoja na petroli, tukashuka mpaka dola 11,000.

Hapa ndo nlikosea, sikuikagua. Nliwasha mashine, ikalia vizuri, nikatoa hela. Boti za faiba za zamani nyingi ndani yake kuna mbao, hasa ule ukuta wa nyuma unaobeba mashine, mbao imefunikwa na faiba pande zote, sasa skrubu moja ikilegea maji yanaingia polepole miaka na miaka, mbao inaoza humo ndani na nje boti inang'aa vile vile. Yule Mnaivasha alipokuja kuiona hata hakusalimia vizuri, akashika mashine kule chini kwenye propela akaanza kuinyanyua juu chini kwa nguvu, halafu akaniambia "kaka, kuja uangalie hapa". Nikainama. Ule ukuta ulikuwa unacheza. Kidogo sana, kama unene wa kadi ya benki, lakini unacheza, na kwenye boliti kukawa kunatoka maji ya rangi ya chai. Akachukua mpini wa bisibisi akawa anagonga, juu inalia ko ko ko, kavu, akishuka chini inalia bu bu bu kama unagonga papai bovu. Aisee. Kuitengeneza fundi aliniambia dola 3,200, na hiyo ni bei ya urafiki.

Haya nikalipa, tusiendelee kulia. Ilipopona nakwambia boti ya faiba ni raha. Ikishanyanyuka inateleza, maili 55 kwa saa kirahisi, na lile tumbo lake limekatwa umbo la V na uzito unaikalisha, mawimbi inayapasua badala ya kuyapanda. Kuna siku tulikuwa Lake Tawakoni, lile ziwa liko wazi sana, upepo wa kusini wa mwezi wa nne ukianza kuvuma pale utakumbuka Ziwa Victoria saa tisa mchana, tukarudi rampu, pale pa kushushia boti majini, tumekauka, huku boti ndogo ndogo za alumini zinaruka kama vyura na wenyewe wamelowa mpaka soksi. Siku hiyo nlijiona mjanja. Kitu kingine ni utulivu, ukisimama mbele kurusha ndoano boti haitikisiki, na upepo haukusogezi ovyo.

Sasa hasara zake. Ya kwanza gari. Boti, mashine, trela, betri tatu, mafuta, vikorokoro, mzigo wangu ulikuwa unakaribia paundi 3,700. Mimi naendesha Highlander ya V6, inaruhusiwa kuvuta paundi 5,000, kwenye karatasi iko sawa, ila kuivuta kwenye tambarare ni kitu kimoja na kuipandisha kutoka kwenye rampu iliyolowa yenye utelezi ni kitu kingine, matairi yanazunguka, watu wamekaa foleni nyuma wanakuangalia, jasho linakutoka mpaka kwenye goti. Mwenye RAV4 ya kawaida asiote hata ndoto. Ya pili pa kulaza. Mtaani kwangu chama cha wenye nyumba hakitaki kuona boti nje, na gereji haikuingia, ikazidi kama futi mbili na nusu, ikabidi nikodi sehemu dola 95 kwa mwezi, yaani boti inalipa kodi kama mpangaji wakati naitumia mara mbili kwa mwezi. Ya tatu mafuta. Mafundi wana hesabu yao ya haraka, chukua hospawa gawanya kwa 10, hizo ndo galoni inazokunywa kwa saa ukikanyaga mpaka mwisho. 150 ni galoni 15. Piga mwenyewe.

Lakini kilichonifanya niiuze ni kisiki. Lake Fork ni bwawa la kutengenezwa, walipofunga maji mwanzoni mwa miaka ya 80 miti mingi iliachwa imesimama humo humo, kwa samaki ni pepo, kwa boti ni makaburi. Kuna njia wameziwekea alama, ukitoka nje ya njia unaenda mdogo mdogo na mota ya umeme ya mbele. Nlikuwa naenda mdogo mdogo kabisa, naapa, nikasikia kraaa, ile sauti ya kusaga inapita chini ya miguu yako kutoka mbele mpaka katikati. Nlivyoitoa majini mkwaruzo wa urefu wa mkono, ule ukoko wa juu unaong'aa umechubuka wote na sehemu moja nyuzi za faiba zinaonekana kama bandeji. Hapo huwezi kuacha, maji yataanza kunyonywa ndani. Dola 900 nyingine. Nikakaa kwenye kochi nikapiga hesabu ya mwaka mzima nikagawanya kwa idadi ya samaki, sitaitaja hiyo namba hapa kwa sababu mke wangu anasoma Kiswahili.

Na hata hao samaki siwali. Pale Fork besi wa inchi 16 mpaka 24 haruhusiwi kuondoka naye, ndo hao hao unaowataka, kwa hiyo unavua, unapiga picha, unamrudisha. Nilimweleza mama kwenye simu akanyamaza kidogo, akauliza, "Hiyo boti umenunua shilingi ngapi?" Nikakata simu nikasingizia mtandao.

2023 nikaiuza 8,500 nikanunua ya alumini, futi 17, ilikuwa imetumika miaka mitatu, mashine ya 60, nikatoa 13,800. Safari hii nlikagua kama polisi wa trafiki mwisho wa mwezi. Alumini ziko za aina mbili, za ribiti na za kuchomelea. Za ribiti mabati yamebanwa kwa misumari mamia, bei nafuu, ila miaka ikienda na kupigwapigwa na mawimbi zingine zinalegea zinaanza kuvuja. Za kuchomelea ni ngumu zaidi na bei imesimama. Hii yangu ni ya ribiti, na kuna mbinu nzuri nliambiwa na nawapa bure: boti ikiwa juu ya trela, ziba tundu la kutolea maji, chukua mpira wa bustani jaza maji kule nyuma kwenye shimo la pampu, halafu lala chini uvunguni na tochi. Kama inavuja ikiwa majini maji yanaingia, hapa yatatoka. Muuzaji aliniona kichaa lakini nililala pale robo saa, zikapatikana ribiti mbili zinatoa tone moja moja, nikashusha dola 400 papo hapo. Faiba ya zamani huwezi kuikagua hivyo, ugonjwa wake unajificha.

Uzito mzigo wote sasa kama paundi 2,000 na kidogo, gari haijui hata kama inavuta kitu. Inaingia gereji, mkono wa trela unakunjika, inabaki nafasi ya ngumi moja kati ya mashine na mlango, lakini inaingia, na ile 95 ya kila mwezi imekufa. Visiki nagonga mpaka nimezoea, inalia ngoo kama sufuria imeanguka, unaangalia unakuta kibonyeo, unaendelea na maisha. Na inaelea kwenye maji ya goti, kwa hiyo naingia kule ndani kwenye majani ambako zile za faiba zinaogopa, na wakubwa ndo wanakokaa mwezi wa tatu wakienda kutaga.

Ubaya wake nao usifichwe. Upepo ukifika maili 15 kwa saa hii boti inakuwa gazeti, unashinda umekanyaga mota ya umeme ujishikilie mahali, betri inaisha saa sita na mgongo nao. Kwenye mawimbi inapiga chini pa, pa, pa, meno yanagongana. Ina kelele, ukidondosha koleo ziwa zima limesikia na samaki wamehama. Kasi maili 35 hivi nikiwa peke yangu, tukiwa wawili na jamaa ana mwili, punguza. Na kitu ambacho wengi hawajui, zile mbao za trela zinazobeba boti zikioza usiende dukani ukanunua mbao zilizotiwa dawa za kujengea uzio, nyingi zina shaba kwenye dawa na shaba ikikaa na alumini ikiwa na unyevu inaila, baada ya muda utakuta vidoadoa vya unga mweupe halafu matundu. Nlikuwa nimeshazipakia kwenye gari tayari, mzee mmoja pale maegeshoni akaziona akanirudisha dukani.

Karatasi pia, hii ni kwa yeyote anayenunua Texas: boti ina hati yake na mashine ya nyuma ina hati yake, ni mbili. Muuzaji akikwambia ya mashine imepotea atakutumia baadae, ondoka, usimwonee huruma. Na weka pembeni hela ya kodi, asilimia 6.25. Kile kikamba cha kuzimia mashine jifunge mwilini, toka Aprili 2021 ni sheria ya Marekani nzima kwa boti hizi ndogo, na hata isingekuwa sheria, mashine ikikutupa majini halafu boti inaanza kukuzunguka hakuna wa kukusaidia.

Tundu la maji nalo. Huku ukitoa boti ziwani lazima umwage maji yote kabla hujaingia barabarani, kwa sababu ya wale kome wadogo wenye mistari ambao wanasambaa ziwa kwa ziwa, kwa hiyo kizibo unakichomoa kila safari. Na kuna siku utasahau kukirudisha. Mimi ilikuwa safari ya pili, nimeshaegesha gari, nimerudi, nashangaa mbona boti imekaa chini nyuma. Pampu ikawa haishindi. Nikavua kofia nikaanza kukomba, miaka thelathini na kitu baadae, Texas, nakomba maji.

Nyota? Faiba yangu naipa mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya ile siku ya Tawakoni. Ingekuwa mpya, mtu ana pikapu, ana pa kuilaza, na maziwa yake ni makubwa ya wazi, ningempa neno tofauti kabisa. Alumini naipa nne. Kwa mtu wa kipato changu, gari langu, gereji yangu na Fork yangu ya visiki sioni sababu ya kurudi nyuma.

Yule Mnaivasha yeye bado ana faiba, futi 20, mashine ya 225, mpya mpya, analipa benki kila mwezi kama nyumba ya pili. Upepo ukiwa mkali tunaenda na yake. Mafuta tunachanga, na kila tukifika kwenye pampu anasema sichangi sawa.