Sponji nyeupe, mpira mweusi na pamba ya kioo: uzoefu wangu na insulesheni za AC Kigamboni

Mzee mmoja kutoka Iringa, mgeni wa chumba namba tatu, alitoka alfajiri na taulo begani akaniuliza kwa upole kabisa: "Binti yangu, hivi humu mvua huwa inanyesha ndani?" Nilidhani ananitania. Nilipoingia chumbani nikakuta ndoo ya kuogea imekaa katikati ya kitanda, na juu yake jipsamu ya dari imejichora ramani ya kahawia, kubwa kama sinia ya pilau. Maji yalikuwa yanadondoka tone moja moja. Nilimrudishia hela yake ya usiku huo, aibu imenijaa.

Nina nyumba ya wageni ya vyumba tisa Kigamboni, mwendo mfupi kutoka baharini. Kila chumba kina AC ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), na kuna ukumbi mdogo wa mikutano unaopozwa na mashine moja kubwa yenye njia za hewa za bati juu ya dari. Nilipojenga nilichagua AC kwa makini sana, nikauliza ulaji wa umeme, nikauliza dhamana. Hakuna siku niliyouliza mabomba yake ya gesi yatavishwa insulesheni gani, yaani koti la kuzuia joto. Nani anauliza hilo?

Fundi wa kwanza alisema gesi imepungua, akajaza, akalipwa. Wa pili akasema njia ya kutolea maji imeziba, akapuliza, akalipwa. Wote wawili mafundi wangu wa siku zote. Wa tatu alikuwa kijana tu, lakini alipanda darini na tochi, akakaa huko kama robo saa, kisha akaniita. "Mama, panda ushike mwenyewe." Nikapanda ngazi na dera langu hivyo hivyo. Bomba la shaba lilikuwa la baridi kama soda iliyolala kwenye friji, na ile sponji nyeupe iliyolizunguka imelowa chepechepe. Nikaikamua kwa vidole, ikatoa maji kama tui la pili. Pembeni yake lile bomba dogo, la robo inchi, lilikuwa uchi kabisa, halina hata kitambaa.

"Hili dogo mbona halijavishwa?" nikamuuliza.

"Walidhani ni la moto, mama. Kwenye friji za zamani ndivyo. Kwenye hizi AC za ukutani gesi inapunguziwa presha kule kule mashine ya nje, kwa hiyo mabomba yote mawili yanaingia ndani yakiwa baridi. Yote yanavishwa, kila moja na lake."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma, maana nilikuwa nimechoka kulipia kubahatisha. Nieleze kwa kifupi nilichoelewa, kwa sababu bila hicho utachagua kwa bei tu kama nilivyofanya mimi. Hewa yetu ya pwani imebeba maji. Ikigusa kitu baridi inayatema, kama unavyoona jasho kwenye glasi ya maji ya barafu. Joto likiwa nyuzi 32 na unyevu asilimia 75, hewa inaanza kutoa umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 27 kushuka chini. Nyuzi 27! Kwetu hapa ndoo ya maji iliyokaa kivulini ina joto hilo. Na bomba la AC likifanya kazi linakuwa kwenye nyuzi kati ya 5 na 10 hivi. Kazi ya insulesheni basi ni mbili: ngozi yake ya nje ibaki na joto zaidi ya hizo 27, na mvuke usipate upenyo wa kulifikia bomba. Wengi wetu tunaijua ya kwanza, hii ya pili ndiyo iliyoniangusha.

Sasa bidhaa zenyewe.

Sponji nyeupe ndiyo nilianza nayo, kwa sababu ndiyo mafundi wengi wanakuja nayo, na mara nyingi inakuja kwenye boksi moja na mabomba. Ni polithini iliyoumuliwa, nyepesi, bei ya chini sana. Ile yangu ilikuwa na unene wa milimita 9. Kuwa mkweli, kwa mtu wa Njombe au Arusha, ambako hewa si nzito hivi, inaweza kumtosha. Kwangu haikuwa na nafasi hata siku moja. Nilikaa na kijana wangu anayesoma ufundi chuoni tukapiga hesabu: bomba la nusu inchi lenye nyuzi 8, joto la darini nyuzi 32, milimita 9 za sponji nzuri kabisa, ngozi ya nje inatoka kama nyuzi 26. Yaani hata ingekuwa mpya na imefungwa vizuri, bado ingetoa jasho. Juu ya hapo maungio yalikuwa yamezungushiwa tepu tu, na tepu ya Kigamboni haimalizi mwaka gundi haijakauka.

Jambo la pili kuhusu sponji nyeupe ni moto. Nilichoma kipande uani kwa kiberiti. Kikashika, kikaendelea, na matone yakawa yanaanguka chini yakiwaka. Sikulala vizuri usiku ule nikifikiria waya zilizopita humo humo darini.

Mpira mweusi ndio niliohamia. Mafundi wengi huuita Armaflex hata kama si wa chapa hiyo, kama tunavyoiita kila dawa ya meno Colgate. Ni mpira wa naitraili wenye vitundu vidogo vilivyofungwa, kila kimoja na chumba chake, maji hayana njia ya kupita. Ukisoma namba za upitishaji joto (ndogo ndiyo bora) kwenye karatasi za watengenezaji utashangaa: mpira mweusi 0.034 hadi 0.036, sponji nyeupe 0.035 hadi 0.040, pamba ya kioo 0.032 hadi 0.040. Ndugu wa tumbo moja. Muuza duka akikupigia debe kwa namba hiyo, msikilize tu. Namba ya kutafuta ni ile ya kuzuia mvuke. Mpira mweusi mzuri unauzuia mara 7,000 hadi 10,000 kuliko hewa tupu, pamba ya kioo isiyo na foili inauzuia mara 1, yaani haiuzuii. Na mvuke ukishaingia ukawa maji, maji yanapitisha joto kwa 0.6 hivi, kwa hiyo insulesheni iliyolowa haipo tena hata kama unaiona kwa macho.

Hapa nilifanya kosa langu la pili, na hili ni langu mwenyewe, sina wa kumsingizia. Nilinunua Kariakoo wa milimita 13 kwa kuwa wa 19 ulikuwa na bei karibu mara mbili, halafu nikamwambia fundi aruke gundi, atumie tepu. Gundi nayo ina bei, na inataka subira: unapaka pande zote mbili, unaacha dakika chache mpaka ukigusa haishiki kidole, ndipo unabana. Kwenye hesabu zetu milimita 13 inafika karibu nyuzi 28, unapona kwa uzi mmoja tu. Ilipita Disemba salama. Ilipoingia masika, unyevu ukapanda, vyumba vinne vikaanza tena. Tulipofungua tukakuta maji yamekaa kwenye maungio yaliyoachia, na sehemu moja nyingine ambayo sikuitegemea: kila palipofungwa kwa kamba ya plastiki. Fundi alikuwa amezikaza kweli kweli, mpira wa milimita 13 ukabonyea ukabaki kama 4. Pale pale ndipo palipodondoka, kwa mpangilio, kila baada ya hatua moja.

Awamu ya tatu nikakubali kutoa hela. Milimita 19, gundi kwenye kila mshono na kila maungio, bomba dogo na bomba kubwa kila moja na koti lake, na palipoweza tulivisha mpira mzima bila kuuchana, kwa kufungua nati na kuupitisha kama soksi. (Hii inamaanisha gesi itolewe na kurudishwa kwa utaratibu, kwa hiyo tulifanya vyumba vitatu tu ambavyo mashine ilikuwa inashushwa kwa sababu nyingine.) Chini ya kila kamba tukaweka kipande cha bomba la plastiki la maji lililopasuliwa nusu, kama kigae, ili kamba ibane plastiki na isiubonyeze mpira. Wazo la yule kijana, nampa sifa zake. Tukavisha pia mita mbili za kwanza za bomba la kutolea maji, maana maji yale yanatoka ya baridi na bomba lenyewe linatoa jasho.

Masika mbili zimepita tangu hapo. Jipsamu ni nyeupe.

Upande wa nje ni hadithi nyingine. Mpira mweusi haupendi jua. Vyumba vinavyotazama magharibi, ndani ya mwaka ulianza kupasuka kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Halafu kuna kunguru. Waliozoea Dar wanajua kunguru hawa hawana adabu, wanadonoa wanachukua vipande kwenda kujengea viota. Tumefunika sehemu ya nje yote kwa mfereji wa plastiki wenye kifuniko, wa kufungia ukutani. Rangi nyeupe ya maji inayokubali kunyumbuka inasaidia pia dhidi ya jua, kunguru haiwahusu.

Kwa moto, mpira mweusi niliouchoma uliungua ukawa mkaa na ukazima nilipoondoa kiberiti, ila moshi wake ni mzito na unakera koo. Na kuna mpira mweusi feki sokoni. Nilipewa kipande kimoja dukani, rangi ile ile, bei ya kuvutia. Nikaomba kisu, nikakata kipande, nikakiweka mdomoni nikapuliza. Pumzi ikapita. Muuzaji akacheka, "Mama wewe ni fundi?" Nikamwambia mimi ni mteja tu niliyelowa. Usione haya kufanya hivyo, na ukipata kipande nenda nacho nyumbani ukizamishe kwenye ndoo chini ya jiwe usiku kucha. Asubuhi kifute, kikate. Ndani kinapaswa kuwa kikavu.

Pamba ya kioo, ile ya njano yenye foili, ipo kwenye njia za bati za ukumbini. Nilidhani nayo itabidi iondoke yote, kwa hasira niliyokuwa nayo. Fundi akanizuia. Haiungui yenyewe, inapunguza kelele ya hewa, na kwa eneo kubwa kama lile bei yake ni nafuu mno kuliko mashuka ya mpira. Tatizo lilikuwa foili. Fundi umeme aliyepitisha waya za spika alikuwa ameitoboa, panya wakaongeza mlango wao, na kwenye matundu hayo pamba ilikuwa imelowa na kuning'inia kama godoro lililokojolewa. Tulikata sehemu zilizolowa, tukaweka mpya ya milimita 50, tukaziba kila mshono kwa tepu ya aluminiamu, ile ya foili yenyewe. Hizi za kitambaa za rangi ya fedha usizitumie, zinabanduka. Kwenye kona nne ambazo foili haikukaa vizuri tukaweka shuka la mpira mweusi la milimita 25. Atakayeshika pamba hii avae glavu na mikono mirefu, na kitambaa puani. Mimi nilijifanya mjuaji nikasaidia kubeba, nikajikuna siku mbili kama niliyepita kwenye upupu.

Mtu akiniuliza kama umeme umepungua, nitasema vyumba vinapoa mapema na tokeni za LUKU zinakaa zaidi kidogo, lakini katika kipindi hicho nilibadili pia mapazia na kuosha mashine zote, kwa hiyo siwezi kuupa mpira sifa peke yake. Nilichookoa kwa uhakika ni dari, rangi na vitanda. Bodi moja ya jipsamu pamoja na fundi wa kuipachika na kuipaka rangi ilinigharimu zaidi ya insulesheni nzima ya chumba kimoja, na nilikuwa nimeshabadilisha bodi sita.

Kwa anayejenga sasa hivi pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara na visiwani: mweleze fundi kabla hajafunga dari kwamba unataka mpira mweusi wa milimita 19, wa kubana bomba bila nafasi ndani, na gundi. Mwambie kwamba utapanda kuangalia. Halafu panda kweli. Wangu alikuwa amepaka gundi vizuri mita zote zinazoonekana, akaacha palipoingia ukutani, pale pale nyuma ya mashine, kipande cha urefu wa kiganja.

Ndiyo chumba namba saba. Kinadondosha kidogo hadi leo, tone moja moja ikifika saa nane usiku. Anakuja Jumamosi kukimalizia.